Kidato cha Kwanza wananyamaza nikiuliza swali

Habari za kazi, Mwalimu. Umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa Kidato cha Kwanza, waliokuwa wachangamfu shule ya msingi, hunyamaza ukiuliza swali la Biolojia. Kagua lugha kabla ya kukagua bidii yao, kwa sababu wengi wamesoma kwa Kiswahili na sasa wanadaiwa majibu ya Kiingereza. Mimi huwaacha wajadiliane wawiliwawili kwa Kiswahili, kisha tunaunda pamoja sentensi moja ya Kiingereza ubaoni. Baada ya kipindi, pitia madaftari ya wanaokaa nyuma (ya wanaokaa mbele hukupotosha ukadhani wote wameelewa), na umwombe mwalimu mwenzako aketi darasani ahesabu umewaita wangapi kwa majina. Nimeitumia njia hii kwenye Biolojia pekee. Walimu wa Hisabati wataeleza yao.