Kampuni uliyoizoea ya dawa ya tezi ikikosekana famasini

"Hiyo haipo dada, mzigo haujaingia. Chukua hii, ni ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti." Kila anayetumia levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya tezi, huku nyanda za juu kusini, awe Mbeya mjini, Makambako au Tukuyu, ameshaambiwa hivyo. Nyuma yako kuna foleni, muuzaji anasubiri, na wewe hujui uchukue au uondoke.

Mimi nimekuwa nikimeza kidonge hiki kila asubuhi kwa miaka mingi sasa, tangu nilipofanyiwa operesheni ya tezi ya shingo. Jibu langu ni hili: chukua. Kukaa bila dawa ni kubaya kuliko kubadilisha kampuni. Ila uchukue ukijua kwamba umebadilisha dawa, na kuna mambo ya kufanya baada ya hapo ambayo pale dirishani hakuna atakayekuambia.

Kwa nini kampuni iwe na uzito wowote, wakati homoni iliyomo ni moja? Tazama kipimo chake. Panadol ya kawaida ina miligramu 500 za dawa. Kidonge cha levothairoksini cha mikrogramu 100 kina sehemu moja ya kumi ya miligramu, yaani dawa iliyomo kwenye Panadol moja ni mara elfu tano zaidi. Karibu kidonge kizima unachokiona ni vitu vya kukishikanisha: laktosi au mannitoli, wanga na vinginevyo. Vitu hivyo havitibu kitu, lakini vinachangia jinsi kidonge kinavyoyeyuka tumboni, na jinsi homoni inavyodumu ndani yake kabla ya tarehe ya kuisha. Halafu mwili wenyewe hauna mchezo na dozi hii. Tofauti ya mikrogramu 25, na kwa wengine hata nusu ya hapo, inatosha kusogeza majibu ya TSH, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha mwilini.

Hili si deko la wagonjwa wa Mbeya. Mwaka 2017 huko Ufaransa, kampuni ya Merck ilibadilisha viungo vya Levothyrox, dawa iliyokuwa ikitumiwa na watu wapatao milioni 3. Homoni haikuguswa. Kilichotolewa ni laktosi, ikawekwa mannitoli na asidi ya sitriki ili dawa idumu vizuri zaidi. Maelfu ya watu wakalalamika: uchovu, kizunguzungu, nywele kukatika, misuli kuuma. Mwisho ile ya zamani ikarudishwa sokoni kwa jina la Euthyrox kwa ajili ya walioshindwa na mpya. Miaka kumi nyuma yake, New Zealand nako kulikuwa na malalamiko ya namna hiyo Eltroxin ilipobadilishwa viungo. Kwa hiyo ukimwambia mfamasia kwamba hii mpya hukai nayo vizuri, hujasema upuuzi.

Lakini niseme na upande wa pili, maana nao ni kweli: wengi hubadilisha kampuni na hawahisi lolote. Tena sisi wa huku tuna tatizo letu la ziada. Dalili za homoni kupungua ni kuhisi baridi, uchovu, ngozi kukauka, choo kigumu. Sasa mwezi Juni na Julai, Mbeya hii iliyo juu mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, nani hahisi baridi? Nani ngozi yake haikauki? Nimewahi kuilaumu dawa asubuhi ambapo hata mbwa wa jirani alikuwa anatetemeka. Hisia zako zisikilize, ziandike, lakini kinachoamua ni kipimo.

Na kipimo kina wakati wake. Homoni hii hutoka mwilini polepole sana. Baada ya wiki moja hivi ndipo nusu yake inakuwa imeondoka. Ndiyo maana inachukua kama wiki 6 kwa kiwango kipya kutulia. Ukipima TSH wiki ya pili baada ya kubadilisha kampuni, umetupa hela, majibu yatakuwa yanazungumzia mchanganyiko wa dawa ya zamani na mpya. Pima kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mimi siku ninapofungua boksi la kampuni nyingine naandika tarehe juu ya boksi lenyewe kwa kalamu, na nahesabu kutoka hapo. Nenda maabara ile ile uliyopimia mwanzo, kwa saa zile zile, ili ulinganishe vitu vinavyolingana.

Wako wasiotakiwa kusubiri. Moyo ukianza kwenda mbio, mikono ikitetemeka, usingizi ukakata, kifua kikauma, nenda hospitali. Usisubiri wiki 6 zitimie. Mwenye ugonjwa wa moyo na aliyewahi kuwa na saratani ya tezi asibadilishe kampuni kimyakimya, amjulishe daktari wake kwanza. Na mjamzito ndiye wa kuwahi kuliko wote: mahitaji ya homoni hii hupanda katika ujauzito, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi, na mtoto tumboni anategemea homoni ya mama katika miezi ile ya mwanzo. Yeye hupimwa karibu kila wiki 4 katika nusu ya kwanza ya ujauzito.

Sasa tuje kwenye kuitafuta. Watu wengi huku huanza kutafuta dawa wakiwa wamebakiza vidonge vitatu, halafu wanazunguka Mwanjelwa, Kabwe, Uhindini, hadi jirani na hospitali ya rufaa, nauli ya bajaji inazidi bei ya dawa. Anza kutafuta ukiwa na akiba ya mwezi mzima. Maduka ya dawa muhimu ya mitaani yaruke kabisa, hii ni dawa ya cheti, nenda famasi zenye mfamasia. Piga picha boksi lako pande zote, litume kwa WhatsApp kwenye famasi tatu au nne kabla hujatoka nyumbani. Picha inasaidia kuliko kutamka jina, maana ukisema "dawa ya tezi" kwenye simu utaambiwa ipo, ukifika ni nyingine kabisa.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini dawa hii hupotea hapa mara kwa mara, hadi mfamasia mmoja mwenye subira aliponieleza kwa upande wake. Wateja wa levothairoksini ni wachache ukilinganisha na wa presha na sukari. Hao wachache wamegawanyika tena: huyu anatumia 25, huyu 50, huyu 100, na kila mmoja ana kampuni yake. Akiagiza Dar es Salaam maboksi ya kila aina, mengi yatafikia tarehe ya kuisha yakiwa kabatini na hasara ni yake. Kwa hiyo anaagiza kampuni moja, ile anayoipata kwa urahisi mwezi huo kwa wauzaji wa jumla. Mwezi ujao ni nyingine.

Ukishajua hilo, unajua pia cha kumwambia. Usimwambie "muwe mnaleta." Mwambie: mimi natumia kampuni hii, mikrogramu hizi, nahitaji maboksi kadhaa kila baada ya miezi miwili, hii namba yangu, nitalipia nusu kabla. Biashara imebadilika hapo hapo. Wewe sasa si mtu wa kupita, ni mteja anayejulikana. Mimi nimekwenda mbele zaidi. Nilikutana na akina mama wawili kliniki, mmoja wa Uyole na mmoja wa Mbalizi, dozi zetu zinafanana. Tukakubaliana kampuni moja pamoja na daktari wetu, tukapeleka oda ya pamoja kwa famasi moja. Tangu hapo kukosa kumepungua sana. Hakujaisha, ila sasa tunaambiwa mapema badala ya kushtukizwa.

Kama kampuni yako ipo lakini mikrogramu zako hazipo, mara nyingi hilo lina njia. Vidonge viwili vya 50 ni sawa na kimoja cha 100 cha kampuni hiyo hiyo. Cha 100 chenye mstari katikati kinaweza kukatwa nusu kwa kikatio cha vidonge. Kwangu mimi hiyo ni bora kuliko kuhamia kampuni mpya kwa ajili ya mwezi mmoja tu, lakini mfamasia akuandikie maelekezo mapya kwa maandishi, na uangalie vipimo kwa makini. Boksi jingine limeandikwa 0.05 mg na jingine 50 mcg. Ni kitu kimoja. Boksi la 0.1 mg ni la mikrogramu 100. Nukta hiyo inawachanganya hata wauzaji.

Ukatae kwa upole kupewa vidonge vilivyomiminwa kwenye kibahasha kutoka kwenye kopo. Kwa dawa nyingine sawa, kwa hii hapana. Kibahasha hakikuambii kampuni, hakikuambii namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, na homoni hii haipendi mwanga wala unyevu. Omba boksi lake. Ukilitilia shaka, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ina orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yake, na mfamasia anaweza kukusaidia kuitazama. Na ikiwa dawa mpya imekuletea madhara, TMDA hupokea taarifa hizo pia. Mwombe mfamasia au daktari akusaidie kuijaza fomu.

Kuagiza kutoka Dar kwa basi tunafanya wote. Tahadhari yangu ni joto. Dawa hii hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25 au 30, kutegemea boksi linavyosema, na buti la basi kuanzia Morogoro hadi mabasi yapande Kitonga si mahali pake. Mtafute mtu anayesafiri aiweke kwenye begi la mkononi. Ndugu zangu wa Kyela, ninyi hata nyumbani iwekeni chumba chenye ubaridi, mbali na dirisha na mbali na jiko. Za kuvuka mpaka Tunduma au Kasumulu sishauri, kwa sababu moja tu: siku utakapopata shida na dawa hiyo, hakuna famasi ya huku itakayoijua.

Kabla hujailaumu kampuni mpya, kagua kifungua kinywa chako. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu huku kwetu uji wa lishe umeshika kila nyumba, na uji huo mara nyingi una soya. Soya hupunguza homoni inayofyonzwa. Kahawa nayo vilevile, hata ile tamu ya Mbozi. Meza dawa kwa maji matupu, subiri nusu saa hadi saa moja ndipo ule. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, vya kalsiamu, na zile dawa nyeupe za kutuliza tumbo, viachanishe na dawa ya tezi kwa muda wa saa 4. Omeprazole, ile ya kupunguza asidi tumboni, ukiitumia kila siku, mwambie daktari. Nimewaona watu wakibadilisha kampuni mara kwa mara huku kikombe cha uji wa soya kikiwa mkononi dakika tano baada ya kumeza.

Utashauriwa pia uache vidonge uongeze chumvi yenye madini joto. Ushauri huo una historia, maana nyanda zetu zilijulikana kwa goita kwa sababu ya upungufu wa madini joto, na chumvi hiyo imesaidia sana kizazi cha watoto wetu. Lakini aliyekatwa tezi, au ambaye tezi yake imeshachoka kabisa, madini joto hayana pa kufanyia kazi.

Na ikitokea umekosa kabisa, kampuni yoyote, kwa siku mbili tatu? Usiogope. Kwa jinsi homoni inavyotoka polepole, siku chache hazikuangushi. Endelea kutafuta, ukiipata rudi kwenye dozi yako ya kawaida, usimeze nyingi kwa pamoja bila kuambiwa na daktari. Wiki kadhaa ndizo hatari.

Ila usiazime kwa mtu kabla hujasoma boksi. Wakati mmoja niliishiwa, mama mmoja wa jirani akasikia, akaja na vidonge vyake vya tezi kwa moyo mweupe kabisa. "Chukua mwanangu, mimi ninavyo vingi." Nikageuza pakiti: karbimazoli. Hiyo ni dawa ya tezi kweli, lakini ni ya watu ambao homoni yao imezidi. Kazi yake ni kuishusha. Nikamshukuru, ndaga fijo mama, nikamrudishia, nikachukua simu kumpigia mfamasia wangu.