Kuchezesha upya fainali ya besiboli ya 1986
Je, New York Mets, walioifunga Boston Red Sox kwenye fainali ile, wanashinda kila ukiichezesha upya mezani? Hapana. Kwenye Strat-O-Matic, mchezo wa mezani wa besiboli unaotumia kadi na dadu, kadi ya mchezaji imebeba takwimu za msimu wake mzima, si matukio ya fainali. Unarusha dadu 3: moja inaamua usome kadi ya mpigaji au ya mrushaji, jumla ya mbili zilizobaki inakupa tokeo. Kwa hiyo ule mpira uliompita Bill Buckner wa Boston katikati ya miguu mechi ya 6, baada ya Mets kufuta uongozi wa Boston wa 5-3, hauna kadi inayoulazimisha urudi. Nimeicheza mezani, Boston wakabeba. Ila mfululizo mmoja wa mechi za fainali hauthibitishi kitu, rudia mara nyingi. Na kumbuka kadi zinafuata msimu: Mets walishinda mechi 108 msimu ule, Boston 95.