Kabla hujalipia holobodi ya mtumba, shika briji kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kununua gitaa za mtumba, wiki hii nimetumiwa picha na watu watatu, wote swali moja, bro hii holobodi (gitaa la umeme lenye tumbo tupu ndani) ni orijino? Na wote wamepiga picha ya mbele tu, gitaa limelazwa kwenye kochi, briji, kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya kifua cha gitaa, huioni vizuri. Nawaelewa lakini, maana na mimi nililiwa hela hivyo hivyo.

Kwanza mjue kwenye holobodi ya kweli chini ya briji kuna hewa. Ni ubao mwembamba, mara nyingi plaiwudi, na kwa ndani vijiti viwili vya kuuimarisha, basi. Briji inakaa juu yake bila gundi wala skrubu, kinachoishika ni mkandamizo wa nyuzi tu, na nyuzi zenyewe zinaenda kufungwa mkiani kabisa kwenye kile chuma kirefu. ES-175 ya kampuni ya Gibson iliyotoka 1949 iko hivyo. Ila ES-335 ya 1958 ni mnyama mwingine, ina gogo zima la mbao katikati, huko boliti ina pa kung'ata. Balaa linaanza pale mtu anapochukua mtindo wa yenye gogo akaulazimisha kwenye yenye hewa.

Langu ndio lilikuwa hivyo. Mwenyewe wa kwanza alitoa chuma cha mkiani akatoboa mbele akasimamisha teilipisi fupi (chuma cha kufungia nyuzi) ya boliti mbili, na mimi ushamba wangu nikaona limependeza. Miezi miwili tu kifua nyuma ya briji kimevimba kama chapati inayoiva, nyuzi ziko juu huku, freti (vile vichuma vya shingoni) ya kumi na mbili hapapigiki. Nikaingiza tochi na kioo kile kidogo cha daktari wa meno kupitia tundu la kifuani lenye umbo la f, nakuta kipande cha ubao mweupe kimebandikwa kwa ndani, gundi imechuruzika, na vumbi la kekee bado limeganda pembeni. Ukiona mbao nyeupe mbichi ndani ya gitaa ambalo kwengine kote limeshakuwa rangi ya chai, hiyo sio ya kiwandani. Na dalili ilikuwa nje muda wote, mkiani kulikuwa na vitundu vya skrubu vitupu vimezibwa na nta nyeusi, mimi nikadhani uchafu.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, usitoe nyuzi zote, briji itaanguka na utaonekana umeharibu wewe. Weka teipu ya karatasi pembeni ya miguu ya briji ujue ilipokuwa, legeza nyuzi zote kiasi, halafu sukuma kitako chake taratibu. Kikihama, safi. Kikigoma, kimepigwa pini au gundi, ila hapa msikurupuke, gitaa nyingi za kampuni ya Gretsch za miaka ya karibuni zinatoka kiwandani briji ikiwa na pini kabisa, hiyo sio kosa. Ndio maana kabla ya kutoka nyumbani unatafuta picha za modeli ile ile ya mwaka ule ule, sio "inayofanana".

Kikihama, kiinue kidogo uangalie chini. Vanishi ikiwa na alama ya miguu ambayo hailingani na hii, briji imebadilishwa. Ingiza karatasi chini ya miguu pia, ikipita kirahisi basi kitako hakijasuguliwa kufuata mzingo wa kifua, sauti inapotelea hapo. Hili mimi halinisumbui, briji ya kubadilisha inabadilishika tena, tena zingine ni nzuri kuliko ya mwanzo. Ninachokimbia ni tundu lililotobolewa kifuani.

Zile zenye gogo nazo zina yake. Kwenye 335 za zamani vyuma vya briji ni vyembamba, vinaingia moja kwa moja kwenye mbao, ukikuta vinene vyenye bushi (kikombe cha chuma kilichopigiliwa kwenye mbao) kwenye gitaa la miaka ya 60 ujue kekee imepita. Na ukiona kibati kimeandikwa Custom Made nyuma ya briji usishtuke, Gibson wenyewe walikuwa wanafunikia matundu ya boliti pale walipofunga Bigsby, kile chuma cha mkiani chenye mkono wa kutetemesha sauti.

Rula nayo ibebe. Pima kutoka nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo, upande wa kichwa) hadi freti ya kumi na mbili, kutoka hapo hadi briji iwe hivyo hivyo na milimita chache zaidi. Kama briji imepigwa pini na vile visadoli (vipande vidogo vya juu ya briji vinavyobeba kila uzi) vimesukumwa hadi mwisho na bado tuna, kile kifaa cha kupimia sauti, inakataa, aliyetoboa alikosea mahali.

Langu nililirudishia chuma cha mkiani, kifua kikashuka kidogo, sio chote. Nikitaka kuliuza naanza kwa kuonyesha matundu, na kila mtu anakata bei nusu. Wana haki.