Kabla hujang'oa gia: niliyojifunza kwa kugeuza baiskeli kuukuu za mbio

"Shikamoo fundi. Hii naomba uing'oe gia zote, ibaki kama Phoenix."

Phoenix, kama hujui, ni ile baiskeli ya gia moja. Hii aliyoleta ilikuwa ya mbio, fremu ya chuma, gia 12, nyaya zimeshikana na kutu. Nilimwitikia kijana, nikaipindua miguu juu, na kabla ya kugusa spana nikamwonyesha pale ekseli ya nyuma inapoingia kwenye fremu. Wewe unayeanza kazi hii, au unayetaka kuigeuza yako mwenyewe uani, naomba nawe uanzie hapo. Usianzie kwenye rangi wala kwenye usukani.

Tazama ule mdomo unaoshika ekseli. Kama umelala, yaani gurudumu linaweza kusogea mbele na nyuma kidogo, kazi yako ni nyepesi, kwa sababu cheni ya gia moja hukazwa kwa kulivuta gurudumu nyuma. Fremu nyingi za chuma za zamani ziko hivyo. Kama mdomo umesimama wima, gurudumu halina pa kusogea, na itabidi uweke kikaza cheni. Hapo usitupe ule mkono wa nyuma uliokuwa ukihamisha cheni. Uache mahali pake, kaza skrubu zake mbili za kikomo hadi usimame sawasawa na jino moja (jino ndilo tunaloita kile kigurudumu chenye meno kinachoshika cheni), nao utafanya kazi ya kukaza. Hauna sura nzuri, lakini unafanya kazi kweli.

Kwa nini watu wanahangaika kuondoa gia? Hapa Tanga jibu liko wazi. Ukitoka kwenye barabara za namba za Ngamiani mpaka Raskazone hukutani na mlima wa kukutisha, na hewa ya chumvi inakula nyaya na springi kila siku ya Mungu. Baiskeli yenye jino moja nyuma na moja mbele ina vitu vichache vya kuharibika. Lakini aliyekuja kwangu akasema anakaa Lushoto nilimkatalia. Kutoka Mombo kwenda kule unapanda karibu mita 1,000, na gia zake ndizo zinazomfikisha. Nilimbadilishia nyaya tu, akaondoka na gia zake.

Sasa gurudumu la nyuma, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Friwili ya gia nyingi, yaani lile fungu la majino ya nyuma, imefungwa kwa hesi kama ya skrubu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na kila unapokanyaga pedeli inazidi kujikaza. Kuifungua unahitaji kifunguzi chenye meno yanayolingana na yake. Kiingize, kishikize kwa nati ya ekseli ili kisiruke, kibane kwenye jiliwa, halafu shika rimu kwa mikono miwili ulizungushe gurudumu lote kinyume cha saa. Ikilegea tu, simama, legeza ile nati, ndipo uendelee. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na kifunguzi, nikatumia tindo na nyundo. Friwili ilivunjika, na hesi ya habu ikaenda nayo. Gurudumu zima la mteja lilikufa, na nililinunua jingine kwa fedha yangu. Tangu siku ile, kama sina kifaa, naazima kwa fundi mwenzangu.

Habari njema ni kwamba friwili ya jino moja, ile ya Phoenix inayouzwa kila duka la vipuri, mara nyingi ina hesi sawa na ya habu hizi za mbio. Ijaribu kwa vidole. Iingie laini mizunguko mitatu minne bila kulazimishwa. Ikikataa, iache. Baiskeli za Kifaransa za kabla ya miaka ya 1980 zilikuwa na hesi yao ya milimita inayokaribiana na hii, na ukiilazimisha unaharibu habu ambayo huipati tena.

Ukishaifunga utaona jino limekaa mbali na fremu, kwa sababu nafasi iliyokuwa ya majino sita sasa ina moja. Hapa wengi wanafunga cheni wakaondoka. Nami nilifanya hivyo na baiskeli yangu mwenyewe. Cheni ilikwenda mshazari, mbele iko nje na nyuma iko ndani, na siku ya tatu ilichomoka nikiwa nimesimama juu ya pedeli navuka mbele ya lori la mkonge. Nilianguka upande wa lami. Dereva alikuwa anaenda polepole, na ndiyo maana leo naandika.

Kwa hiyo pima. Mbele, pima kutoka katikati ya bomba la siti hadi kwenye meno. Kwenye baiskeli nyingi za namna hii, sahani (gurudumu la meno la mbele) ndogo yenye meno 42 hukaa kiasi cha milimita 41 au 42. Nyuma, pima nafasi yote kati ya midomo miwili ya fremu. Za gia 12 mara nyingi zina milimita 126, nusu yake ni 63. Toa umbali kutoka upande wa ndani wa mdomo wa kulia hadi kwenye jino. Kama umbali huo ni 21, unabaki na milimita 42, sawa na mbele, na cheni itakwenda kama uzi wa fundi mwashi. Tofauti ya milimita moja haina neno. Ikifika tatu, usikubali.

Kurekebisha, fungua ekseli na uhamishe washa na vipande vya bomba kutoka kulia kwenda kushoto. Goroli zitakuwa wazi, basi zioshe na uweke grisi mpya. Ukirudisha gurudumu utaona rimu imeegemea kulia. Legeza spoki za kulia na kaza za kushoto, nusu mzunguko kila moja, hadi rimu irudi katikati. Ni kazi ya subira. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa spoki za pande mbili sasa zinabeba uzito karibu sawa, na gurudumu linakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kama habu yako ni ile ambayo majino yanateleza juu ya ngoma yenye mifereji, umepona. Bakiza jino moja, jaza nafasi kwa vipande vya kutenganisha, na ulisogeze hadi cheni inyooke. Spoki huzigusi.

Kuhusu meno, anza na 42 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu la 700C, saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 4.9, na ukizungusha mara 80 kwa dakika unakwenda kilomita 23 na kitu kwa saa. Vijana wanapenda 16. Kwa njia tupu sawa, kwa abiria na gunia la mkaa magoti yatalalamika. Ukitoa sahani kubwa ya mbele, bolti zilizoshika sahani mbili zitakuwa ndefu, basi tafuta fupi au weka washa. Cheni iwe ile pana, kwani ile nyembamba ya gia nyingi haikai kwenye meno manene ya friwili ya Phoenix.

Tairi nalo lina mtego. Phoenix ni inchi 28, na tairi la 700C nalo wakati mwingine huandikwa 28, lakini si ndugu. Kipenyo cha rimu ya Phoenix ni milimita 635, cha 700C ni 622. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi kabla hujatoa fedha. Baiskeli nyingine za zamani za mbio zina rimu ya inchi 27, nayo ni 630.

Breki zote mbili zibaki. Nimeombwa mara nyingi kuondoa ya mbele ili baiskeli "ionekane safi", nami sifanyi. Ya mbele ndiyo inayokusimamisha.

Mwisho, cheni. Ikaze hadi katikati yake icheze kama sentimita moja juu na chini, halafu zungusha pedeli polepole. Sahani za zamani si duara kamili, kwa hiyo kuna mahali itakaza zaidi. Pima hapo penye kukaza. Kisha funga nati za ekseli kwa nguvu. Kama ekseli ni ile ya tundu yenye mkono wa kufungia, mimi hubadilisha na kuweka ya nati, maana kwenye mdomo uliolala gurudumu huvutwa mbele ukikanyaga sana.

Mteja ninamwambia arudi baada ya wiki moja. Friwili mpya itakuwa imejikaza kwenye hesi na cheni imelegea kidogo, na kuikaza tena ni dakika tano, silipishi. Gia zake za zamani nampa kwenye mfuko, zimepakwa mafuta.