Mwalimu mkuu atasoma tafiti saa ngapi?

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya msingi yenye mikondo miwili huku Micheweni, Pemba. Kabla ya kengele ya asubuhi ninakuwa nimeshapokea wazazi wawili watatu, mchana nashika kipindi cha mwalimu aliyeuguliwa, na jioni najaza fomu za wilaya. Kila semina tunaambiwa tufuate matokeo ya tafiti, na simu yangu imejaa mafaili ya kurasa mia mia ambayo sijayafungua. Nifanyeje nisibaki nyuma?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Kwanza yafute mafaili hayo, au angalau acha kuyahesabu kuwa ni deni, kwani hakuna awezaye kusoma kila kinachoandikwa kuhusu elimu, hata maprofesa wenyewe. Anza na suali la skuli yako: kwa nini watoto wa darasa la tatu wanazitambua herufi lakini neno haliungiki? Chagua suali moja tu kwa muhula, kisha utafute kinacholihusu hilo na uyaache mengine yapite.

Nikupe mfano ninaoupenda. Mwaka 1996, huko Busia nchini Kenya, skuli 25 kati ya 100 ziligaiwa vitabu vya kiada ili watafiti, akiwamo Michael Kremer ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, waone kama alama za watoto zitapanda. Wastani haukupanda. Walionufaika ni waliokuwa mbele tangu mwanzo, kwani vitabu vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu, na waliokuwa nyuma hawakuweza kuvisoma. Anayesikia habari hii juu juu atasema vitabu havina faida, na hilo ni kosa kubwa. Lakini aliyeisoma vizuri atakwenda darasani kwake, atakifungua kitabu cha sayansi mbele ya mtoto anayekaa nyuma kabisa, amuombe amsomee aya moja, na asikilize anakwama wapi.

Kwa hiyo, unapofungua utafiti, usiusome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Soma ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzoni, ruka hadi kwenye matokeo, na utafute mambo mawili: watoto waliosaidiwa walilinganishwa na nani, na skuli zao zilikuwa na hali gani. Ukiwa na intaneti, taasisi ya Education Endowment Foundation ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2011, inatoa bure muhtasari wa tafiti nyingi, na kila mbinu imewekewa gharama yake na uzito wa ushahidi wake. Humo pia uliza kama madarasa yaliyochunguzwa yanafanana na lako.

Kazi hii usiibebe peke yako. Kila mwezi mpe mwalimu mmoja makala moja, naye aieleze kwa Kiswahili kwenye kikao cha walimu kwa dakika 15, na iwe kabla ya matangazo, maana baada ya matangazo kila mtu anawaza safari ya kurudi nyumbani. Walimu wawili waijaribu mbinu iliyoelezwa kwa wiki tatu na walete madaftari ya watoto mezani. Hapo ndipo utafiti unapogeuka kuwa kazi ya skuli, na mimi sijaona njia nyengine iliyodumu.

Tena usiusahau utafiti unaofanyika ndani ya skuli yako. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wakiwamo, huja na barua za kibali na hojaji zao. Walimu wakaacha vipindi wakajaza, na mara nyingi matokeo hayarudi. Nilipokuwa mwalimu mkuu lilinitokea zaidi ya mara moja, na hadi leo linaniuma, kwa sababu majibu yalikuwa ya watoto wetu. Atakayekuja safari hii, kabla hujampeleka darasani, muombe aandike katika daftari la wageni tarehe atakayorudi kuwasomea walimu alichokipata.