Ruzuku ya mbolea na kipato cha mkulima wa mahindi
Umeuliza kwa nini mkulima wa mahindi habadiliki kipato ilhali serikali humpa mbolea ya ruzuku. Tatizo la kwanza ni kalenda: mbolea ya kukuzia huhitajika mahindi yakiwa ya kimo cha goti, hivyo mfuko unaofika mbelewele (maua ya juu ya mhindi) zikiwa zimeshatoka, hata ukiuzwa nusu bei, hauongezi gunia. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni soko, kwani ruzuku ikifanikiwa wote huvuna kwa wingi, bei huporomoka, na mwenye madeni asiye na ghala humuuzia mlanguzi mahindi yasiyokauka vizuri, kwa sababu ghala la serikali (ambalo mara nyingi huchelewa kulipa) hupokea tu yaliyokaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 13.