Nywele baada ya kemo: majibu kwa wasomaji wa Dodoma na jirani zake

Tangu safu hii ilipozungumzia saratani ya matiti, maswali mengi yaliyoletwa hayahusu uvimbe wala upasuaji, yanahusu kichwa na kemo, yaani dawa za saratani ambazo nyingi huangusha nywele. Sishangai. Kovu la kifuani hufunikwa na gauni na hakuna anayelijua isipokuwa mwenyewe na wa nyumbani kwake, lakini kichwa kilichopukutika nywele huonwa na kila mtu sokoni, kanisani, msikitini na kituo cha daladala. Nimeyafupisha maswali na kuondoa majina. Majibu ni ya jumla, na anayeijua historia ya ugonjwa wako vizuri zaidi ni daktari aliyekupangia dawa, kwa hiyo palipo na tofauti baina yetu, mfuate yeye.

Nilimaliza mzunguko wa mwisho wa kemo katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwezi uliopita, nikarudi Dodoma kwa treni nikiwa nimejifunga kitambaa. Mpaka leo kichwa kinang'aa vilevile. Nywele zitaanza kuota lini? (Dada, Nkuhungu)

Dada yangu, bado hujachelewa. Dawa za kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na mzizi wa unywele ni miongoni mwa sehemu za mwili ambazo seli zake hugawanyika kwa kasi kubwa kabisa. Kwa kuwa wakati wowote ule asilimia 85 hadi 90 ya nywele za kichwani huwa katika hatua ya kukua, dawa inapozikuta katika hatua hiyo huzipukutisha karibu zote kwa pamoja, kwa kawaida kati ya wiki 2 na 4 baada ya dozi ya kwanza. Kwa wagonjwa walio wengi, hata hivyo, mzizi wenyewe haufi. Husimama tu, na dawa ikishaisha mwilini huanza kazi upya.

Malaika laini huonekana kwa wengi kati ya wiki ya 3 na ya 6 baada ya dozi ya mwisho, na nywele zenye kushikika huja katika mwezi wa 2 au wa 3. Ukitaka kuyaona malaika hayo, usijitazame utosini kwa kioo cha bafuni. Kaa mlangoni asubuhi, jua likiingia kutoka ubavuni, umwombe mtu atazame kisogo na panja: utaambiwa kuna kitu kama unga wa mtama uliobaki kwenye ungo, ambacho ukipitisha kiganja juu yake unakihisi kabla hujakiona. Kutoka hapo kasi ni ile ya kila mtu, takriban sentimita 1 kwa mwezi, pengine pungufu kidogo kwa nywele zetu za kipilipili, ambazo kwa kuwa hujikunja huonekana fupi kuliko zilivyo. Usijilinganishe basi na picha za wanawake wenye nywele zilizonyooka, kwa maana sentimita zilezile kwao huonekana nyingi.

Kama bado unapigwa mionzi ya kifuani, hiyo haizuii nywele za kichwani. Mionzi huangusha nywele za mahali inapopita tu.

Nina umri wa miaka 63. Nywele zangu zimerudi, lakini ni laini, zimelala, na ni nyeupe tupu. Majirani wanasema nimeweka dawa. Je, zitabaki hivi? (Mama, Mpwapwa)

Shikamoo mama. Kinachokutokea kinawatokea wengi. Mzizi unapoanza upya, umbo la unywele wa kwanza hutofautiana na la zamani: aliyekuwa na kipilipili kigumu huota nywele laini zenye mawimbi, na mwenye nywele zilizonyooka huota zilizojisokota. Rangi nayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo katika mzizi huohuo, na mara nyingi seli hizo huchelewa kupata nafuu, ndiyo maana unywele hutangulia kutoka bila rangi yake. Kadiri nywele zinavyokua na kukatwa, kwa wengi umbo la zamani hurejea ndani ya mwaka mmoja hivi, ingawa wapo wanaobaki na mabadiliko kidogo ya kudumu.

Kuhusu mvi, niruhusu niseme kwa heshima kwamba kwa umri wako nyingine zingekuwapo hata bila ugonjwa. Wanawake wengi walikuwa wakipaka rangi nyeusi kila mwezi kabla ya kuugua, na baada ya kemo ndipo wanapoziona mvi zao zote kwa mara ya kwanza.

Nimeshauriwa nipake maji ya kitunguu, mafuta ya mnyonyo na mafuta ya alizeti, na ninywe vidonge vya biotini. Kipi kinaharakisha? (Msomaji, Singida)

Katika hivyo vyote, hakuna ambacho kimethibitishwa kuharakisha nywele baada ya kemo. Mafuta ya alizeti, ambayo kwenu hayana shida ya kupatikana, hulainisha ngozi iliyokauka na hayana madhara yakiwa safi na yakipakwa kidogo; mnyonyo nao ni vivyo hivyo, ila ni mzito na huweza kuwasumbua wenye kutokwa na vipele. Kitunguu ningekuomba ukiache jikoni, kwa sababu ngozi ya kichwa iliyotoka kwenye kemo ni nyepesi na huwashwa upesi, na mkwaruzo mmoja unaweza kuwa njia ya vijidudu.

Biotini inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa inauzwa dukani bila cheti na watu huidhani haina neno. Ukosefu wa vitamini hiyo ni nadra, na asiyepungukiwa hanufaiki kwa kuongeza. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba dozi kubwa ya biotini huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vile vinavyotumika kutambua shambulio la moyo, hata majibu yakatoka tofauti na hali halisi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Kwa mtu anayepimwa damu mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Kama umekwisha kuanza kuvinywa, mwambie daktari na mtu wa maabara kabla hujatolewa damu.

Dawa ya kupaka iitwayo minoksidili ina ushahidi kidogo kwamba hufupisha kipindi cha upara, ingawa haizuii nywele kuanguka. Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na isianzwe bila daktari kukubali. Kinachojenga nywele kila siku ni chakula cha kutosha chenye protini: maharage, karanga, mayai, dagaa, maziwa, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Nywele zangu zina miezi 4 na zinashikika. Mwezi ujao nina harusi ya mdogo wangu. Naweza kusuka rasta au kuweka dawa? (Dada, Makole)

Hongera kwa harusi. Dawa ya kunyoosha, hapana. Rasta, nazo hapana kwa sasa. Najua jibu hili halipendezi, na ningependa ulielewe badala ya kulitii tu.

Dawa ya kunyoosha hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya ndani vya unywele kwa kemikali kali, na hata mtu mwenye afya huchubuka ikikaa dakika chache za ziada. Nywele zako za sasa ni changa, na ngozi iliyo chini yake bado inajirekebisha. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau miezi 6 baada ya dozi ya mwisho ndipo ufikirie dawa au rangi, na hata hapo ijaribiwe kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio na kuachwa siku 2. Piko nyeusi nayo iepukwe kichwani na hata mikononi, kwa maana nyingi huchanganywa na kemikali ya rangi inayosababisha mzio mkali.

Rasta huleta tatizo jingine, nalo ni uzito. Msusi akikukalisha kwenye kigoda, akaukamata unywele wa sentimita 4 kwa ncha za vidole na kuusokota na nyuzi ndefu mpaka macho yakajivuta, mzizi uliozinduka juzi ndio unaobeba mzigo wote, na panjani ndipo unapong'oka kwanza. Nywele zinazong'olewa hivyo mara kwa mara huweza zisirudi tena. Baadaye, zitakapokuwa ndefu, anza na twende kilioni bila kuongeza nywele, ikiwa imelegezwa kiasi kwamba hukosi usingizi usiku wa kwanza. Ukiumia, mwambie msusi afumue, wala usione haya.

Kwa harusi yenyewe, nywele fupi zilizochongwa vizuri na kinyozi, hereni kubwa na kilemba kinachofanana na kitenge cha familia vitakupendeza kuliko unavyodhani. Umwombe kinyozi asafishe mashine kwa spiriti mbele yako, kwani mapunye huambukizwa kwa vifaa vya kunyolea. Wembe usikubali, hasa kwa msomaji ambaye bado yuko kwenye dozi, kwa sababu chembe nyeupe za damu, ambazo ni kinga ya mwili, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kila dripu, na kidonda kidogo cha wembe kipindi hicho kinaweza kumlaza hospitalini.

Nyusi na kope zimeanguka baada ya nywele kuwa zimeshaanza kurudi. Ni kawaida? Upepo na vumbi la huku vinanitesa macho. (Mwalimu, Chamwino)

Ni kawaida. Nyusi na kope zina mzunguko mfupi kuliko nywele za kichwa, kwa hiyo mara nyingi huchelewa kuanguka, na huweza kuanguka hata wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho, lakini nazo hurudi upesi.

Kope ni kinga, na asiye nazo katika miezi ya kiangazi ya Dodoma, upepo unapoinua vumbi kuanzia asubuhi, hulijua hilo kuliko sisi wengine. Vaa miwani mipana, hata ile isiyo na nguvu ya kusomea. Osha kope kwa maji safi jioni, usifikiche. Macho yakiwa mekundu au yakitoa usaha, nenda hospitali bila kununua dawa ya matone kwa kubahatisha. Nyusi unaweza kuzichora kwa kalamu ya wanja iliyo yako peke yako. Wanja wa unga usio na maelezo ya kilichomo uache, kwa sababu baadhi umekutwa na madini ya risasi.

Mke wangu yuko dozi ya tatu na nywele hazijaanguka. Je, dawa haifanyi kazi? (Baba, Manyoni)

Inategemea dawa aliyopewa, ndugu yangu. Zipo zinazopukutisha nywele karibu zote, kama doksorubisini na paklitakseli, na zipo zinazozipunguza kidogo tu au kutozigusa. Kuanguka kwa nywele si kipimo cha tiba. Daktari hupima kwa uvimbe, picha na damu.

Binti yangu wa miaka 9 anarudi shule baada ya matibabu. Naogopa watamcheka. (Mama, Kondoa)

Kuhusu kichwa chenyewe, una nafuu moja: shule zetu nyingi za msingi huwataka wanafunzi wanyoe, na katika darasa la vichwa vilivyonyolewa chake hakitaonekana sana. Kitakachoulizwa ni nyusi, wembamba wake na kutokuwepo kwake kwa muda mrefu. Nenda shuleni kabla ya siku ya kwanza, umweleze mwalimu wa darasa kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa kukaa dawati moja wala kwa kuchangia kikombe, na umwombe awaambie wanafunzi wenzake kwa maneno machache, mtoto akiwa ameridhia. Kama anavaa hijabu, iwe ya pamba, kwa sababu vitambaa vya plastiki huhifadhi jasho na kuwasha kichwa kitupu. Kama havai, apewe kofia ya ukingo mpana wakati wa mapumziko, kwani ngozi ya kichwa isiyo na nywele huungua na jua hata kama ni nyeusi.

Mke wangu hataki kwenda popote. Akitoka bila kitambaa watu wanampa pole wakidhani amefiwa, na wigi tuliyonunua anasema inamchoma. (Baba, Bahi)

Anavyosema ni kweli. Geuza wigi ndani nje uitazame: utaona mishono migumu na utepe wa mpira unaokaa juu ya ngozi tupu, na kwa joto la Bahi mchana huo ni mzigo. Mshonee kofia nyembamba ya pamba ya kuvaa chini yake, ajaribu saa moja moja jioni, na akishindwa iacheni. Kuhusu watu, ninyi wawili mkubaliane sentensi moja ambayo wewe ndiye utakayeisema mnapokuwa pamoja, kwa mfano, "Alikuwa anaumwa, sasa anatibiwa, anaendelea vizuri," kisha ubadilishe mazungumzo. Mgonjwa huchoka zaidi kwa kueleza kuliko kwa kutembea. Na usimwambie kwamba nywele si kitu, maana kwake ni kitu.

Imepita mwaka na miezi 2. Pembeni zimerudi, utosini bado ni nyepesi, ngozi inaonekana. Nifanye nini? (Msomaji, Area C)

Hapa sitakuambia usubiri. Nywele zisiporudi vizuri baada ya miezi 6, sababu inapaswa kutafutwa. Wachache, hasa waliopewa dositakseli, hubaki na nywele pungufu kwa muda mrefu au daima. Vidonge vya homoni vya saratani ya matiti, kama tamoksifeni, navyo huweza kuzifanya nywele za utosini kuwa nyepesi wakati wote unapovitumia. Waliopigwa mionzi ya kichwa kwa dozi kubwa wanaweza kupoteza nywele za sehemu hiyo moja kwa moja. Kuna pia sababu zinazotibika ambazo hazihusiani na kemo, zikiwemo upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na fangasi wa kichwani.

Usiache vidonge vya homoni kwa ajili ya nywele bila kuzungumza na daktari wako, kwa sababu ndivyo vinavyopunguza uwezekano wa saratani kurudi. Nenda na orodha ya dawa zote ulizowahi kupewa, daftari la kliniki, na picha za utosi ulizopiga kwa simu mahali palepale, penye mwanga uleule, kila mwezi. Omba upimwe wingi wa damu, chuma na tezi, kisha uombe rufaa ya kumwona daktari wa ngozi.